Gavana Akiondoka Kabla ya Muda: Mwongozo Kamili wa Nani Anakalia Kiti Katika Kaunti za Kenya

Mwaka 2017 kaunti ya Nyeri ilikuwa na magavana wanne. Nderitu Gachagua alifariki Februari akitibiwa London, na naibu wake Samuel Wamathai akamaliza muhula uliobaki. Agosti wapiga kura wakamchagua Wahome Gakuru. Tarehe 7 Novemba, kabla hajatimiza miezi mitatu kazini, Gakuru akafa katika ajali ya gari kwenye barabara ya Thika kuelekea Sagana. Naibu wake, Mutahi Kahiga, akaapishwa. Misiba miwili mizito, na hakuna uchaguzi mdogo hata mmoja uliofanyika.

Miaka mitatu baadaye Nairobi ilimpoteza gavana mmoja tu, tena hakufa. Mike Sonko alibanduliwa Desemba 2020, na jiji likakaa hadi Novemba 2021 ndipo likapata gavana aliyeapishwa. Katiba ni ile ile na kiti ni kile kile. Tofauti ni kwamba Nyeri ilikuwa na naibu gavana siku kiti kilipobaki wazi, na Nairobi haikuwa naye.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu anayetaka kufuatilia urithi wa ugavana mwenyewe, bila kungoja wachambuzi wa redio: mfanyakazi wa kaunti, mwanakandarasi anayedai malipo, mwanahabari wa mashinani, au mpiga kura aliyechoka kusikia kila upande ukidai sheria iko kwake. Jibu la "nani anafuata" limo katika mistari michache ya kifungu cha 182 cha Katiba. Kazi ngumu ni kujua kama kiti kiko wazi kweli, tangu siku gani, na siku hiyo nani alikuwa wapi.

Ndugu zetu wanaoishi Marekani watashangaa jinsi mambo yetu yalivyo mepesi. Kule kila jimbo lina katiba yake. Mengi humpa kiti naibu gavana, lakini Oregon humpa katibu wa jimbo, ndivyo Kate Brown alivyoingia mwaka 2015 John Kitzhaber alipojiuzulu, na Maine na New Hampshire humpa rais wa seneti ya jimbo. Kwetu kaunti zote 47 zinafuata kanuni moja, kwa hiyo ukishaielewa ya Nyeri umeielewa ya Kwale na ya Turkana.

Hatua ya kwanza: Je, kiti kiko wazi, au mwenyewe hayupo tu?

Hapa ndipo wengi huteleza. Gavana aliyelazwa hospitalini bado ni gavana. Aliye safarini ng'ambo ni gavana. Hata aliyekatazwa na mahakama kukanyaga ofisini kwake ni gavana. Katika hali hizo naibu anakaimu tu, kwa mujibu wa kifungu cha 179(5).

Na kukaimu kuna mipaka. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, katika kifungu cha 32, inamzuia naibu anayekaimu kutumia mamlaka ya gavana ya kupendekeza majina, kuteua au kufuta watu kazi. Ukisikia naibu anayekaimu amemfuta waziri wa fedha wa kaunti, jua kuna mtu tayari anaandaa karatasi za kwenda mahakamani, na huenda akashinda.

Suala hili lilipamba moto mwaka 2019. Julai mwaka huo Jaji Mumbi Ngugi, katika kesi ya Moses Lenolkulal wa Samburu, aliamua kwamba gavana anayekabiliwa na mashtaka ya ufisadi hapaswi kuingia ofisini kesi ikiendelea. Baada ya hapo Ferdinand Waititu wa Kiambu akafungiwa mlango, kisha Sonko. Kiambu naibu James Nyoro alishika usukani, lakini kwa miezi ile yote alikuwa naibu anayekaimu. Gavana alikuwa Waititu. Nairobi hapakuwa na wa kukaimu kabisa, na hilo tutalirudia.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza karani wa bunge la kaunti si "gavana yuko wapi?" Muulize kama spika amepokea hati yoyote inayosema kiti kiko wazi. Kama hakuna, unazungumzia kukaimu.

Hatua ya pili: Tambua gavana alitoka kwa mlango upi

Kifungu cha 182(1) kina milango mitano, na kila mmoja una ushahidi wake.

Kifo hakina ubishi. Joyce Laboso wa Bomet alipofariki Julai 2019, naibu wake Hillary Barchok alikuwa gavana siku chache baadaye.

Kujiuzulu lazima kuwe kwa maandishi, na barua iandikwe kwa spika wa bunge la kaunti. Tangazo la mkutano wa hadhara, ujumbe wa mtandaoni au barua kwa kiongozi wa chama havitoshi. Gavana anaweza kusema "nimechoka, naenda nyumbani" mbele ya kamera kumi na asubuhi yake akaripoti kazini, mradi spika hajapokea karatasi.

Mlango wa tatu ni kupoteza sifa za kugombea, kwa mfano mtu akitangazwa amefilisika. Wa nne ni kupatikana na hatia ya kosa ambalo adhabu yake ni kifungo cha angalau miezi kumi na miwili. Soma maneno hayo taratibu: kinachopimwa ni adhabu iliyowekwa na sheria kwa kosa hilo, kwa hiyo gavana aliyetozwa faini na kuachiliwa hajanusurika kwa sababu tu hakulala jela.

Mlango wa tano ndio wenye vumbi.

Hatua ya tatu: Piga hesabu za kubanduliwa

Kifungu cha 181 kinataja sababu: ukiukaji mkubwa wa Katiba au sheria, sababu nzito za kuamini kwamba gavana ametenda uhalifu, matumizi mabaya ya ofisi au utovu mkubwa wa maadili, na kutojiweza kimwili au kiakili. Utaratibu wenyewe umo katika kifungu cha 33 cha Sheria ya Serikali za Kaunti, na hapo inafaa uwe na kalamu mkononi.

Diwani anayeleta hoja anahitaji kuungwa mkono na angalau thuluthi moja ya madiwani wote. Hoja ikipigiwa kura, inahitaji angalau thuluthi mbili ya madiwani wote. Madiwani wote maana yake ni wa kuchaguliwa na wa kuteuliwa, waliohudhuria na waliobaki nyumbani. Wasiokuja kikaoni wanahesabiwa kana kwamba wamekataa.

Kericho ilijifunza hili mwaka 2024. Bunge la kaunti lilikuwa na madiwani 47, na 31 walipiga kura ya kumbandua Erick Mutai. Chukua 47, zidisha kwa mbili, gawanya kwa tatu: unapata 31.33. Madiwani 31 hawafiki hapo, na hakuna thuluthi ya diwani, kwa hiyo walihitajika 32. Mawakili wa Mutai waliwasilisha pingamizi la awali mbele ya Seneti wakisema hoja haikupita kisheria, maseneta wakakubaliana nao, na mashtaka yenyewe hayakusikizwa. Mzozo wa miezi mingi ulizimwa na kura moja iliyokosekana. Ukiwa unafuatilia hoja ya namna hii, tafuta kwanza idadi kamili ya madiwani wa kaunti yako, piga hesabu yako kabla ya kikao, na uikweze juu kila inapobaki sehemu.

Hoja ikipita, bado gavana yuko kazini. Watu husahau hili usiku wa kura, madiwani wanaporusha karatasi na kuimba. Spika wa kaunti ana siku mbili za kumjulisha Spika wa Seneti, na huyo ana siku saba za kuitisha kikao cha kusikiza mashtaka. Seneti inaweza kuunda kamati maalum ya maseneta kumi na mmoja, ambayo huchunguza na kutoa ripoti ndani ya siku kumi, au ikaamua maseneta wote wakae na kusikiza wenyewe.

Njia wanayochagua ina uzito. Kamati ikisema mashtaka hayajathibitishwa, mambo yanaishia hapo, hakuna kura ya maseneta wote. Hivyo ndivyo Anne Waiguru wa Kirinyaga alivyookoka Juni 2020, na Kawira Mwangaza wa Meru Desemba 2022. Ndiyo maana siku ya kwanza Seneti huwa na mvutano mkali kuhusu jambo linaloonekana kama utaratibu tu. Upande wa gavana hupenda kamati, kwa kuwa ni rahisi kuwashawishi watu kumi na mmoja kuliko Seneti nzima. Usiache kutazama kura hiyo. Mara nyingi inaonyesha upepo unavyovuma.

Kikao cha wote kinapofika kura ya mwisho, kila ujumbe wa kaunti una kura moja, na zinahitajika kura 24 kati ya 47. Shtaka moja tu likipata idadi hiyo linatosha. Zikikosekana, hoja yenye mashtaka yale yale haiwezi kurudi Seneti kabla ya miezi mitatu kupita. Zikipatikana, gavana anakoma kuwa gavana, na hapo ndipo saa ya urithi inaanza kuhesabu.

Hatua ya nne: Tazama kiti cha naibu siku ile ile

Naibu akiwepo, Katiba haimpi nafasi ya kubishana: anachukua ugavana kwa muda wote uliobaki. Hateuliwi na chama, hapigwi msasa na madiwani, haombi ridhaa ya familia ya marehemu. Wapiga kura walimchagua pamoja na gavana kwenye tiketi moja. Kinachobaki ni kiapo, kwa maana kifungu cha 74 hakiruhusu ofisa wa serikali kushika ofisi kabla ya kuapa. Kama ni juzi tu alikuwa anakaimu na mikono imefungwa, akishaapa mipaka ile ya kifungu cha 32 inaisha.

Naibu asipokuwepo, au asipoweza, spika wa bunge la kaunti anakaimu ugavana, na uchaguzi wa gavana unapaswa kufanyika ndani ya siku sitini tangu spika aingie.

Sasa Nairobi. Polycarp Igathe, naibu wa Sonko, alijiuzulu Januari 2018, miezi michache tu baada ya uchaguzi. Sonko akakaa bila naibu karibu miaka mitatu, hadi alipobanduliwa. Alipokatazwa kuingia ofisini Desemba 2019, jiji lilikosa wa kukaimu. Mapema 2020 alipendekeza jina la Anne Kananu, lakini kesi ya mpiga kura mmoja ilizuia asipigwe msasa. Februari 2020 Sonko akasaini mkataba wa kuhamishia baadhi ya kazi za kaunti kwa serikali ya kitaifa.

Desemba 2020 Seneti ikaidhinisha kubanduliwa kwake kwa kura 27 dhidi ya 16. Kwa kuwa naibu hakuwepo, spika Benson Mutura akawa gavana wa muda, na tume ya uchaguzi ikatangaza uchaguzi mdogo wa tarehe 18 Februari 2021. Wagombea wakaanza kujipanga, mabango yakaanza kuchapwa. Kisha mahakama ikausimamisha uchaguzi. Mlalamishi aliyekuwa amezuia msasa wa Kananu akaiondoa kesi yake, madiwani wakamhoji na kumwidhinisha, na tarehe 15 Januari 2021 akaapishwa kuwa naibu gavana wa kaunti isiyokuwa na gavana.

Hapo ukazuka mzozo wa kweli: je, naibu anayepatikana baada ya kiti kuwa wazi anaweza kurithi, au spika akishaingia lazima wananchi waende debeni? Ukisoma kifungu cha 182 kwa macho ya mpiga kura wa kawaida, utaona kinamzungumzia naibu aliyepo pengo linapotokea. Lakini Kananu ndiye aliyeapishwa kuwa gavana tarehe 16 Novemba 2021, na Nairobi haikupiga kura ya gavana hadi Agosti 2022. Kwa maoni yangu wakazi walinyimwa uchaguzi ambao Katiba iliwaahidi kwa maneno ya wazi. Hata hivyo kwa anayefuatilia urithi leo, funzo la kutumia ni hili: spika akiingia, usidhani siku sitini zitafika salama. Fuatilia pia kama kuna jina la naibu lililolala mahali likisubiri msasa.

Hatua ya tano: Fuatilia naibu mpya, kwa saa mbili tofauti

Naibu akipanda kuwa gavana, kiti chake cha zamani kinabaki wazi, na mlolongo wa urithi unabaki na mtu mmoja. Katiba ilinyamaza kuhusu jinsi ya kumpata naibu mwingine. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu, ikijibu ombi la ushauri la spika wa bunge la kaunti ya Embu, ilisema gavana apendekeze jina ndani ya siku 14, na bunge la kaunti lipige kura ndani ya siku 60 baada ya kulipokea.

Andika tarehe hizo mbili kwenye kalenda. Gavana asiyependekeza naibu kwa wakati anaweza kuwa anasuasua kwa makusudi, maana bila naibu, wanaotaka kumng'oa wanajua kwamba baada yake kutakuja spika na uchaguzi, na hilo huwatia baridi. Naibu mwenyewe naye anaweza kung'olewa: Machi 2024 Seneti ilimwondoa Robert Monda wa Kisii, naibu gavana wa kwanza kuondolewa kwa njia hiyo, na Elijah Obebo akachukua nafasi.

Hatua ya sita: Kama una biashara na kaunti, angalia mawaziri

Sehemu hii wachache huisoma. Kifungu cha 179(7) kinasema pengo likitokea katika ofisi ya gavana, wanachama wa kamati kuu ya kaunti walioteuliwa, yaani mawaziri, wanakoma kushika nyadhifa zao. Hawangoji kufutwa. Gavana mpya anaweza kuwarudisha, lakini lazima wateuliwe upya na bunge la kaunti liwaidhinishe.

Kwa mwanakandarasi aliye na barua iliyosainiwa na waziri, tarehe ya saini ni kila kitu. Linganisha na tarehe ambayo kiti cha gavana kilibaki wazi. Kama ilisainiwa baada ya hapo, na waziri hakuwa ameteuliwa upya, omba barua nyingine mapema kabla mkaguzi wa hesabu hajakuuliza. Usitegemee maneno ya mlangoni kwamba "mheshimiwa bado yupo yupo."

Hatua ya saba: Soma agizo la mahakama lenyewe, si kichwa cha habari

Karibu kila gavana aliyebanduliwa hukimbilia Mahakama Kuu. Meru ndiyo mfano wa kusoma. Seneti ilimbandua Kawira Mwangaza Agosti 2024, katika jaribio la tatu lililofika mbele yake. Kawaida naibu Isaac Mutuma angeapishwa wiki hiyo. Lakini mahakama ilitoa agizo la muda, na Mwangaza akaendelea kuwa gavana kwa zaidi ya miezi sita. Tarehe 14 Machi 2025 kesi yake ikatupwa, na siku chache baadaye Mutuma akaapa.

Agizo la muda linaweza kusimamisha kuapishwa kwa naibu, au kusimamisha kuchapishwa kwa tangazo katika gazeti rasmi la serikali, au kusimamisha uamuzi wote wa Seneti. Haya ni mambo matatu tofauti. Tafuta maneno ya agizo: linazuia nani, kufanya nini, hadi tarehe gani. Linaweza kuongezwa muda kila kesi inapotajwa, kwa hiyo tarehe ya kutajwa ndiyo ya kuzingatia.

Hatua ya nane: Hesabu kama muhula umehesabiwa

Gavana ana mihula miwili tu. Je, aliyerithi katikati ameshatumia mmoja? Kifungu cha 182(3) kinajibu kwa kipimo kimoja: siku aliyoingia, kulibaki zaidi ya miaka miwili na nusu kabla ya uchaguzi mkuu ujao? Kama ndiyo, anachukuliwa kuwa ametumikia muhula mzima. Kama sivyo, muhula huo hauhesabiwi.

Kahiga aliingia Novemba 2017, uchaguzi ukiwa Agosti 2022. Muhula umehesabiwa, hivyo aliposhinda 2022 alianza wa mwisho. Barchok wa Bomet aliingia na miaka mitatu mbele yake, akashinda 2022, naye ni hivyo hivyo. Nyoro ndiye wa kufurahisha wahasibu: alirithi Kiambu mwishoni mwa Januari 2020. Ukirudi nyuma miaka miwili na nusu kutoka tarehe 9 Agosti 2022 unafika 9 Februari 2020. Siku zisizofika kumi na tano ndizo zilizomfanya ahesabiwe muhula mzima. Alishindwa uchaguzi uliofuata, kwa hiyo hesabu hiyo haikupata nafasi ya kuleta kesi.

Kwa muhula wa sasa mstari ni huu: uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne ya pili ya Agosti 2027, yaani tarehe 10, na miaka miwili na nusu nyuma ni 10 Februari 2025. Naibu yeyote aliyeingia kabla ya hapo ametumia muhula. Aliyeingia baadaye hajatumia. Agizo la muda la Meru, lililomweka Mwangaza ofisini tangu Agosti 2024, ndilo lililomvusha Mutuma upande wa pili wa mstari. Angeapishwa wiki ile ya Agosti angebaki na nafasi ya kuchaguliwa mara moja tu. Kwa kuapishwa Machi, anaweza kuomba kura 2027, na akishinda, aombe tena 2032.